Pembe Ndogo ya Haron

Drusilla alikuwa na wivu wa kutisha, wivu wa kuionea hata mizani. Mumewe Haron alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai karibu na Ikonge, na kazi yake ilikuwa kupima vikapu vya wanawake. Drusilla akisikia kikapu cha fulani kimetoa kilo nyingi, alitaka kujua nani alikipandisha, na kwa nini Haron alicheka.

Mwanamke pekee ambaye hakuwahi kumwonea wivu ni Valarie, binti wa pande za ziwani aliyeuza dawa katika duka moja la Kebirigo. Valarie hakuwa na shamba wala kikapu cha kupimwa. Tena alikuwa na programu ya nyota kwenye simu: ukiipa tarehe, mahali na saa uliyozaliwa, inachora duara la sayari zote kama zilivyokuwa angani wakati huo. Drusilla ni Msabato, na kanisani kwao nyota zilitajwa kwa kukemewa tu, lakini wivu wake haukusali popote.

Drusilla akataka duara la Haron; kilichomkwaza ni saa ya kuzaliwa. Haron alimwambia mara ngapi sijui kwamba haijui saa yake. Basi Drusilla akaenda kwa mama mkwe wake, Bathsheba, akamsaidia kuchambua chinsaga, na mboga zikiendelea kuchambuliwa akamchokonoa. Mama mkwe akacheka, akasema ni saa tatu, alikuwa ametoka kuchuma chai, na mtoto alikuja kabla hajatua kikapu.

Dukani Valarie alikuwa na wateja, kwa hiyo akamwachia simu ajaze mwenyewe. Drusilla akajaza tarehe, akaandika Nyamira, na kwenye saa akabonyeza tatu. Valarie aliporudi akalitazama duara. Mwezi na Zuhura vilikuwa vimetengana kwa digrii mia moja na hamsini.

"Hii ni pembe ndogo tu, Mama Valentine," akamwambia Drusilla. "Ndogo kwa uzito, si kwa digrii. Wengi hata hawaisomi."

"Hata kama ni ndogo, inasema nini?"

Valarie akamweleza shingo upande. Mwezi ni pale moyo unapotulia, Zuhura ni kile unachokipenda. Pembe kubwa hugombana hadharani, lakini hii haina kelele: mtu anatulia huku, anatamani kule, na kila siku anajirekebisha kidogo ili asijulikane.

Drusilla alirudi nyumbani damu ikimchemka. Akawa ananusa mashati. Akawa anampigia Haron simu katikati ya kupima majani, amtajie aliyesimama mbele yake. Haron alipokwenda Sironga kwa mazishi, Drusilla alimuuliza alikaa karibu na nani. Mwishowe Haron akasema, kwa sauti ya chini iliyomtisha kuliko makelele, kwamba swali moja zaidi la wanawake na atahamia kwa mama yake.

Hapo Drusilla akaogopa kweli. Alimpenda mwanamume yule kupita kiasi, hilo ndilo lililokuwa likimtesa. Akarudi kwa Valarie, akalia mbele ya kaunta bila kuona haya, akaomba pembe ile isomwe upya.

Valarie alikuwa amefifia uso, kama mtu asiyelala vizuri. Akafungua duara, akalichunguza, kisha akacheka kwa mara ya kwanza.

"Si umebonyeza tatu ya simu? Hiyo ni saa tisa usiku. Tatu ya kwetu ni tisa ya simu."

Akarekebisha. Pembe ndogo kama ile, akaeleza, haivumilii kupishana hata digrii mbili au tatu, na Mwezi una mbio. Saa sita zinatosha kuivunja.

"Ona, haipo," Valarie akasema. "Haron ni mtoto wa asubuhi. Mama yake hata kikapu hakuwahi kukitua."

Drusilla akacheka huku akijifuta machozi. Alijiona mjinga, na ujinga ule ulikuwa mtamu. Akashukuru, akajifunga leso vizuri, akafika mlangoni. Hapo kicheko kikamkauka. Yeye alibonyeza namba tu, na habari za kikapu hakumsimulia mtu.

Akageuka. "Nani alikuambia mambo ya kikapu?"

Valarie akaiweka simu chini, akaanza kupanga chupa za dawa ya kikohozi, ambazo zilikuwa zimeshapangwa.