Visu vya Papa Sikuli

Mizinga ilikuwa ikinguruma upande wa Sake tangu alfajiri, lakini walimu wa shule ile ya mbao katika mtaa wa Murara walikuwa wamezoea, wakaendelea na mafunzo. Papa Sikuli, mchongaji aliyegeuka mkufunzi, alikuwa akiwaonyesha namna ya kufundisha hesabu kwa vipande vya mgomba na jiografia kwa udongo. Léoncie, mwalimu wa darasa la pili, alikuwa amezamisha mikono udongoni hadi viwiko, akifinyanga ziwa Kivu. Mwenzake Kamate alikuwa ndiyo kwanza anaingia, amechelewa, anatafuta pa kukaa.

Risasi zikalia mtaa wa Birere, kisha karibu zaidi. Walilala chini. Mlango ukapigwa teke, wakaingia wanaume wanne wenye bunduki, wakisaka askari waliovua sare na kujificha kati ya raia. Mkubwa wao aliona visu vya kuchongea mezani. Akamwinua Papa Sikuli, akamgeuza viganja. Vilikuwa vigumu kama kisigino.

"Hii ni mikono ya musoda. Uniforme umetupa wapi?"

"Mi niko muchongaji, papa. Nafundisha balimu."

Kitako cha bunduki kilimpata mdomoni. Alipoanguka, yule mtu aliukanyaga mkono wake wa kulia, akausaga kwa buti hadi vidole vikavunjika. Papa Sikuli alilia kwa sauti ambayo Léoncie hakujua kwamba mzee anaweza kuitoa.

Léoncie aliona kuwa wakinyamaza mzee atakufa. Akainuka kwa magoti. "Anasema kweli, papa. Ile bisu ni ya kuchonga miti ya batoto."

"Basi achonge."

Wakamtupia kipande cha mti. Papa Sikuli alishika kisu kwa mkono wa kushoto. Kikateleza, damu ikamtoka pajani. Wakacheka. Léoncie akasogea, akaushikilia ule mti mbele yake. Kisu kiliteleza tena, kikamwingia kiganjani. Hakuuachia. Polepole pakatokea pembe, kisha shingo, kisha mgongo wa ng'ombe.

Yule mkubwa aliutazama. "Sawa. Ni muchongaji." Akazungusha macho chumbani. Walimu wote walikuwa na udongo mikononi, isipokuwa mmoja. "Na huyu wa mikono safi?"

"Nimefika sasa hivi," Kamate alisema. "Niko mwalimu."

Walimburuta kwa kola. Léoncie alipiga kelele kwamba ni mwalimu, anamjua, anawajua watoto wake. Mmoja wao akamsukuma ukutani kwa mtutu wa bunduki. Ikasikika milio miwili uani.

Walipoondoka, walimu walimkuta Kamate ameanguka kifudifudi juu ya mawe meusi ya volkano. Walimfunika kwa turubai walilokuwa wakikandia udongo, maana hapakuwa na kitu kingine.

Mji ulipotulia, Papa Sikuli alirudi, vidole vimeungana vibaya, akaomba wamalize mafunzo. Léoncie alimkabili mlangoni.

"Kamate alikufa sababu ya udongo, papa."

"Hapana, mama," mzee alisema taratibu. "Kamate alikufa sababu ya bunduki."

Léoncie akampita, akatoka. Alikaa nje peke yake na hasira yake hadi aliposikia wenzake wameanza kukanda udongo. Ndipo akaingia, akasimama karibu na mlango, kiganja chenye kovu kimekunjwa.