Sentimita Moja na Nusu

Timazi alikuwa amepiga magoti kwenye korido ya zahanati mpya, akikwangua saruji iliyodondoka sakafuni, Injinia alipoingia na karatasi yake. Jina la Timazi, ile kamba ya kupimia wima, alipewa na mafundi wenzake, kwa kuwa ukuta ukishapita mikononi mwake haupindi.

"Ukuta huu mita ishirini kwa tatu," Injinia alisema. "Mita za mraba sitini. Plasta unene sentimita moja na nusu. Zidisha, haifiki hata mita moja ya ujazo. Hiyo ni mifuko saba ya saruji. Wewe umechukua kumi na minne. Saba iko wapi?"

"Iko ukutani, bosi."

Shemeji yake Timazi, mdogo wa mkewe, aliyekuwa akimchanganyia mchanga, aliacha koleo. Walikuwa wanalisha nyumba moja. Fundi akifukuzwa kwa wizi, saiti nyingine zinapata habari kabla yeye hajafika.

"Aliyejenga alijenga kwa jicho," Timazi alisema. "Katikati ukuta uliingia ndani kama tumbo la mwenye njaa. Nimejaza mpaka ukanyooka."

Injinia aliegemeza ubao mrefu ukutani, akachungulia. Hapakuwa na upenyo.

"Mbona sioni tumbo lolote?"

"Si nimelinyoosha? Ndiyo kazi niliyopewa."

Injinia akapima pembeni ya mlango. Sentimita moja na nusu.

"Hapo mlangoni ukuta haukuingia," Timazi alisema. "Muulize mtunza stoo."

Mtunza stoo, aliyekuwa akihesabu mifuko mitupu mwishoni mwa korido, ndiye aliyetoa saruji yote.

"Mimi natoa mzigo tu," alisema. "Unene siujui."

"Wewe si uliuona ukuta kabla ya plasta, ukasema ukuta umelewa?" shemeji akamuuliza.

"Nilikuwa natania."

Injinia akafungua kalamu. "Basi naandika wizi."

Timazi akachukua nyundo na tindo, akaenda katikati ya ukuta, akapiga. Plasta aliyoisugua siku mbili mpaka ikalainika ilianguka vipande miguuni mwake. Akaingiza tepu. Sentimita nne na nusu.

"Tundu moja si wastani," Injinia alisema. "Toboa kila mita."

"Shem, usifanye," shemeji alinong'ona.

Alifanya. Alitoboa mpaka saa saba mchana, shemeji akisoma tepu, Injinia akiandika. Matundu kumi na tisa. Wastani ukatoka sentimita tatu.

"Zidisha sasa," Timazi alisema. Sauti ilikuwa imekauka kwa vumbi.

Injinia akazidisha. Mita za ujazo moja nukta nane. Mifuko kumi na minne. Akarudia tena, jibu likawa lile lile.

"Sawa. Saruji haikuibwa."

Shemeji akacheka kidogo, akajifuta uso kwa shati. Injinia alikuwa ameshafunua ukurasa mpya.

"Jina lako kamili nani? Ukuta umetobolewa mara kumi na tisa, na wakaguzi wanakuja kesho. Nani alikuruhusu?"

"Si wewe umesema nitoboe?"

"Una karatasi yenye sahihi yangu?"

Timazi alimtazama mtunza stoo. Yule alikuwa anasoma maandishi ya mfuko mtupu. Alimtazama shemeji yake, ambaye alikuwa anakunja tepu. Yeye mwenyewe alibaki amesimama mbele ya ukuta, tindo mkononi, kama mtu aliyekamatwa nalo.