Kadi ya Kasimapigo

Kwenye ofisi ya istilahi walimwita Bwana Dhana, ingawa hakuna aliyethubutu kumwita hivyo mbele yake. Kwa miaka thelathini na moja alikaa chumba cha mwisho cha korido, akiandika istilahi za sayansi kwenye kadi ngumu: dhana moja, kadi moja, jina moja. Majina mengine yote waliyotumia watu aliyapiga mstari mwekundu, tena kwa rula.

Hakujitungia sheria hiyo. Walioanza ni wahandisi wa zamani, waliotaka nati iwe na jina moja katika kila kiwanda, mashine isije ikaua mtu kwa sababu ya maneno. Kwanza dhana, kisha jina. Bwana Dhana aliifundisha nadharia hiyo kama anayekabidhi nyumba ya urithi. Aliyeipokea vizuri kuliko wote ni mwanafunzi mmoja wa kike, ambaye baadaye aliajiriwa chumba cha jirani, akawa binti kwake na kwa mkewe, maana wao hawakujaliwa watoto.

Kisha binti akawasoma wataalamu wapya. Hao walisema istilahi haiishi kwenye kadi, inaishi vinywani. Daktari akizungumza na daktari mwenzake ana neno lake, akizungumza na mgonjwa ana jingine, na yote mawili ni halali. Binti akayasema hayo kikaoni, mbele za watu. Bwana Dhana akamjibu kwamba amesoma mpaka amepotea.

Ungedhani ubishi wa wasomi huisha kwa kikombe cha chai. Thubutu! Miaka miwili wakapishana kwenye korido kwa shikamoo na marahaba, basi. Katikati ya miaka hiyo mke wa Bwana Dhana akafariki kwa ugonjwa wa moyo. Binti alikuja msibani, akakaa nyuma, akaondoka bila kuaga. Tangu hapo mzee alikuwa akirudi kwenye nyumba isiyo na wa kumwambia hata pole na kazi. Upweke ulikuwa unamla, na kichwa chake kigumu kikiushikia sahani.

Siku ya kikao cha kamusi ya tiba, swali lilikuwa moja: maneno ya wagonjwa yaingie au yabaki nje? Wajumbe waligawanyika nusu kwa nusu, ikabaki kura ya Bwana Dhana. Alijua akipinga, kazi ya binti ya miaka miwili imekwenda na maji, na hata ile shikamoo hataipata tena. Alikuja kupinga.

Binti akasimama na daftari lake. Alikuwa ameshinda kwenye mabenchi ya kliniki akiandika wagonjwa wanavyosema, bila majina yao.

"Kadi ya kasimapigo," akasema. "Istilahi hii ya moyo kwenda mbio aliiunda Mwalimu mwenyewe. Kati ya wagonjwa tisini, hakuna hata mmoja aliyeitumia."

"Basi wafundishwe," akasema Bwana Dhana. Wajumbe wawili wakacheka.

"Msikilize huyu, Mwalimu. Mwanamke, miaka sitini na mbili, foleni ya kliniki ya moyo." Akasoma bila kuinua macho. "'Moyo wangu unapapatika, mwanangu, hasa nikipanda ngazi. Nyumbani sisemi. Nikisema, mume wangu ananisahihisha neno, halafu tunabaki kuzungumzia neno.'"

Bwana Dhana hakuhitaji kuuliza ni nani. Alimsikia mkewe waziwazi, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Mle ndani hakuna mwingine aliyejua, isipokuwa binti.

Mwenyekiti alipoita kura, mzee akanyoosha mkono: yaingie. Watu wakashangaa, wakapiga makofi kidogo, wakatoka kwenda kula.

Walibaki wawili. Bwana Dhana akasogeza kiti karibu na binti, jambo ambalo hakulifanya kwa miaka miwili.

"Alisema nini tena?" akauliza. "Baada ya hapo. Nisomee yote."

Binti akafungua daftari, akatazama ukurasa, akalifunga.

"Hakuna zaidi, Mwalimu. Nilishapata neno nililolitaka. Nikamshukuru, nikahamia kwa mgonjwa mwingine."