Grisi Kwenye Mkanda

Mugarura alimpiga dereva wake kofi la kwanza mwezi wa tatu mwaka 2011, kwa sababu ya kelele. Pikapu yake kuukuu, iliyobeba maziwa kila asubuhi kutoka Bwizibwera hadi Mbarara, ilikuwa imeanza kulia. Kila ilipowashwa, chini ya boneti kulitoka mlio mkali kama wa nguruwe anayechinjwa, na watu wa kituo cha maziwa cha Bwizibwera wakacheka. Mugarura hakuwa mtu wa kuchekwa. Alimvuta dereva huyo, Cyiza, nje ya gari kwa kola, akamzaba mbele ya wote, akamwambia kesho asisikie sauti hiyo tena.

Cyiza alikuwa mtu mzima, baba wa watoto wanne. Kuendesha gari alijua, kulitengeneza hakujua. Jioni ile alifungua boneti, akaona kwamba kinacholia ni mkanda unaozungusha altaneta, kifaa kinachochaji betri. Akachota grisi kwa vidole viwili, akaupaka upande wa ndani, mzunguko mzima. Kulipokucha gari liliwaka kimya, na Mugarura akaridhika.

Siku ya tatu betri ilikufa. Mugarura akanunua mpya, akaipeleka ng'ambo ya mto Rwizi, Nyamitanga, kwenye kibanda cha Byamungu na mkewe Sidonie. Hao walikuwa wakimbizi kutoka Uvira. Nyumba yao ilikuwa kambini Nakivale, lakini kazi waliifanya Mbarara: umeme wa magari. Sidonie ndiye aliyeanza ufundi huo, akiwa msichana, kwa baba yake aliyetengeneza malori. Mumewe alijifunza kwake, naye hakuona aibu kulisema.

Siku hiyo Sidonie hakuwepo. Byamungu alifunga betri, kisha akaomba apime kama gari linachaji.

"Mimi nakuita kufunga betri," Mugarura alimwambia. "Si kupima gari. Maziwa inangoja."

Siku nne baadaye gari lilizimika njiani saa nne asubuhi, jua likiwaka, madebe kumi na moja ya maziwa nyuma. Lilipofika Nyamitanga likivutwa kwa kamba, maziwa yalikuwa yameganda na Mugarura alikuwa na spana ya magurudumu mkononi.

"Betri yangu iko wapi?"

"Si ni hii, mzee. Ni ile ile," Byamungu alijibu.

"Mpya haikufi siku nne! Umebadilisha, umeniwekea iliyokufa!"

Pigo la kwanza lilimpata Byamungu sikioni, upande wa kushoto. Alianguka juu ya sanduku la vifaa, misumari na nati zikatawanyika. Mugarura akapaza sauti neno moja, "Mwizi!", na hakuhitaji kusema jingine. Wakaja waendesha bodaboda, wakaja wafyatua matofali kutoka kando ya mto. Hakuna aliyeuliza kaiba nini. Mmoja alimkanyaga mbavu, mwingine akampiga kwa waya wa betri mpaka shati likachanika na ngozi ikafuata. Walipochoka kupiga, walimfunga mikono nyuma. Mtu akabingirisha tairi iliyokuwa imeegemezwa kibandani. Mwingine akaleta dumu la petroli.

Sidonie alitoka sokoni na gunia la mkaa kichwani. Aliona umati, halafu akaona viatu vya mumewe kati ya miguu ya watu. Gunia lilianguka. Alipita kwa viwiko na meno, akajilaza juu ya Byamungu, na teke lililokuwa linamjia mumewe likampata yeye mgongoni.

"Muache, bandugu! Hajaiba kitu!"

"Toka hapa, nyabo, tutakuchoma na wewe!"

"Mutuchome basi!" Sidonie alipiga kelele. "Lakini munipe dakika kumi kwanza. Gari si iko hapa? Nitawaonesha betri inakufia fasi gani. Kama nadanganya, mutuchome wote wawili."

Mfyatua matofali aliyeshika dumu alimtazama. Mikono ya Sidonie ilikuwa imetulia. "Wacha tuone," akasema yule mtu. "Dakika kumi si kitu."

Walisukuma pikapu mpaka ikawaka. Cyiza aliketi kwenye usukani, uso umempauka. Sidonie akagusisha nyaya za mita kwenye betri, akaigeuza ili walio karibu waione. Ilisoma volti kumi na moja na nusu.

"Gari ikiwaka, hii inapashwa kupanda mpaka kumi na ine. Haipande. Betri inatoa tu, hakuna kinachoingia. Hata muweke mpya kila siku, itakufa."

"Altaneta imekufa, basi," mmoja alisema.

"Ngoja. Papa Cyiza, kanyaga mafuta!"

Injini ikanguruma. Sidonie akawaonyesha puli kubwa ya chini, gurudumu linalovuta mkanda, ikizunguka kwa kasi, na puli ndogo ya altaneta ikijikokota kama ng'ombe mgonjwa. Gari likazimwa. Akaigusa ile puli ndogo na papo hapo akauondoa mkono, kidole kimeungua. Akaubonyeza mkanda kwa gumba, ukadidimia. Akanusa vidole vyake.

"Mukanda unateleza," akasema, kisha akamgeukia mwenye dumu. "Nipe ile petroli."

Yule mtu alisita, akampa.

Kwa petroli ile ile waliyotaka kummwagia mumewe, Sidonie alisugua puli moja baada ya nyingine mpaka chuma kikawa kikavu. Nyuma yake Byamungu alikuwa anakohoa damu, naye hakugeuka, maana aliogopa kwamba akigeuka mikono itakataa. Alitundua mkanda mwingine ukutani, uliotumika lakini mzima, akauvisha. Akaisukuma altaneta kwa mtaimbo, akakaza. Wakasukuma gari tena.

Mita ikapanda. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne na kidogo. Taa za mbele ziliwaka hata mchana ule watu wakayaficha macho.

"Betri ni ile ile," Sidonie alisema.

Watu wa pembeni wakaanza kuondoka. Angeweza kuishia hapo. Lakini hasira ilikuwa imempanda, na fahari ya fundi pia. Akauinua mkanda wa zamani juu, mweusi, unang'aa. "Muone! Iko na grisi! Mukanda haupakwe grisi. Muntu ameipakaa kwa mikono yake!"

Macho yote yakaenda kwa Cyiza.

"Alinipiga kwa sababu ya kelele," Cyiza alisema, karibu hasikiki. "Nilitaka inyamaze tu."

Mugarura alimng'oa kwenye kiti kama alivyozoea. Alimbwaga chini, akaukanyaga mkono wake wa kulia kwa kisigino, akazungusha. Vidole vililia kama vijiti vinavyovunjika. Na wale wale waliokuwa wameanza kuondoka wakapata tena kazi. "Mharibifu!" mtu alisema, na mateke yakaanza upya juu ya mwili mwingine. Tairi ilikuwa bado iko pale pale.

Mugarura aliinua spana. Sidonie alikuwa bado na mtaimbo. Aliupiga ule mkono ulioinuliwa, kwa nguvu zake zote, na kila mtu alisikia mfupa ukikatika. Mugarura alipiga ukelele, akapiga magoti. Sidonie akasimama juu ya Cyiza, mtaimbo begani, akawaambia kwa Kiswahili, kwa Kifulero cha kwao na kwa lugha isiyo na maneno kwamba atakayefuata atapigwa kichwani. Hakuna aliyefuata. Polisi walifika wakipiga risasi hewani, na watu wakatawanyika kuelekea mtoni.

Sidonie alilala mahabusu siku mbili. Aliyemtoa ni Cyiza: alifika kituoni mkono umefungwa bendeji, akaandikisha maelezo yote, kuanzia kofi la Bwizibwera.

Byamungu alipona mbavu, lakini sikio la kushoto halikusikia tena. Walifunga kibanda, wakarudi Nakivale. Sidonie akaendelea kutengeneza magari chini ya turubai. Mumewe hakuweza tena kukaa penye watu wengi.

"Unajuta kumuvunja ule muzee mukono?" alimuuliza siku moja.

"Hapana. Ninajuta mukanda. Ningesema tu umechoka, wangeenda kwao. Mimi ndiye niliwapa muntu wa kupiga."

Wiki iliyofuata Sidonie alikwenda Bwizibwera. Mlango ulifunguliwa na Kankindi, mke wa Cyiza. Alimtambua mara moja, maana alikuwa amemsindikiza mumewe kituoni siku ile, akamzaba kofi moja zito.

"Mkono haushiki usukani tena," Kankindi alisema. "Umekuja kutazama?"

Sidonie hakujifuta uso wala hakurudi nyuma. "Nimekuja kuomba musamaha."

"Ni nani?" sauti ya Cyiza ilitoka ndani.

"Yule fundi."



"Mwambie aingie," Cyiza alisema.