Pindo la Mbele

...saa moja na dakika ishirini, Jumanne, si saa moja na nusu kama alivyoandika nesi wa mapokezi, maana redio ya jikoni ilikuwa ndiyo kwanza imalize taarifa fupi na yeye amesimama jikoni anayachunga maziwa yasifurike, akasikia kitu nyuma yake, si kishindo, kishindo kilikuja baadaye, kwanza ulikuwa mlio mdogo mkavu, kama kijiti, kisha mama yake yuko sakafuni, gauni la kijani limemzonga miguuni, na neno la kwanza la mama likawa, "Zima jiko, maziwa yanamwagika," kwa sauti ileile aliyofundishia darasa la pili miaka thelathini na mmoja, na leo ni Jumatano, saa tatu kasoro dakika kumi, mama amelala kitanda namba nne na nyonga iliyovunjika, na daktari amesimama miguuni pake, faili mkononi, kalamu juu, anasubiri jibu. "Dada, nauliza tena. Nyumbani mama anatumia dawa gani?" Swali la maneno matano. Mama kashalijibu, kasema hatumii kitu, za maumivu tu siku mojamoja, na sasa anamtazama bintiye kwa macho yale ya kumtazama mtoto aliyeitwa ubaoni... jibu, basi, jibu, lakini kinachomjia mdomoni ni pindo, tangu jana anamsimulia kila mtu habari ya pindo, nesi, mfagiaji, bibi wa kitanda cha tano ambaye hakuuliza, kwamba gauni lilikuwa refu mbele, kwamba aliahidi kulipandisha Jumapili, akatia pini sita, pini sita kamili, kisha akajilaza kidogo, na kidogo ikawa jioni, pini akazitoa ili zisimchome mama, akasema nitamalizia wiki hii, Jumanne mama akalivaa hivyohivyo, akalikanyaga, akaanguka, akavunjika, na bibi wa kitanda cha tano akasema, "Mwanangu, ukijilaumu kwa pindo, hao waliomwaga maji sakafuni nikateleza mimi, watajilaumu kwa lipi?" na akacheka peke yake, na kweli pindo lilikuwa hatia nzuri, hatia ya sentimita tatu, inayoshikika, unaweza kuilia mbele za watu nao wakakupigapiga bega... ila jana jioni daktari huyuhuyu aliinua picha ya eksirei dirishani, akasema mifupa ya mama imekonda kwa ndani, tena kupita umri wake, na kwa mifupa ya namna hii huwa inatokea mfupa ukavunjika kwanza, ndipo mtu akaanguka. Kwanza. Na yeye alisikia. Kijiti, kisha kishindo. Kama gauni ndilo lililomwangusha, kishindo kingetangulia, hilo hata mtoto wa darasa la pili angelipanga, na yeye kazi yake ndiyo hiyo, kupanga na kupima, mkaguzi wa vipimo, anayeingia buchani na mawe yake ya mizani ndani ya sanduku la mbao na mchinjaji anasema, "Dada mkaguzi, hata inzi akitua kwenye mizani yangu utamwandikia barua," naye hacheki, anaangalia sindano, gramu tano huku, gramu kumi kule, gramu tano ni gramu tano, mama ndiye aliyempa jina la Bi Rula alipokuwa na miaka sita kwa sababu alikataa kula mkate usiokatwa sawa, Bi Rula, njoo umpimie mama gauni, na alipima, alipima mwenyewe, anazo tarakimu kwenye daftari, mwaka ule wa kwanza sentimita mbili, mwaka juzi mbili nyingine, sasa tatu, jumla saba, na kila mara mbele tu, nyuma hapana, nyuma lilikuwa limepanda hadi visigino vinaonekana, akaenda kwa fundi na gauni mkononi, akamwambia umekata upogo, fundi akalitandika juu ya meza, akalikunja mbele na nyuma, likalingana, akasema, "Dada yangu, gauni liko sawa, labda mwenye gauni ndiye kabadilika," naye akamjibu kwamba asimfundishe kupima, mbele ya wateja, akatoka kichwa juu... gauni halikurefuka. Mama ndiye aliyekuwa akipungua, mgongo unajikunja kidogo kidogo kuelekea mbele, pindo la mbele linashuka, la nyuma linapanda, sentimita saba za mama zimeondoka mikononi mwake, na yeye anazishona ndani, anakata uzi kwa meno, anasema haya, limekaa sawa.

"Dada?" Daktari. Na nesi pembeni anasoma kwa sauti ya chini, presha imeshuka zaidi ya usiku, ametapika mara mbili, upasuaji wameshausogeza mbele, "hatuwezi kumpeleka hivi, na damu hajapoteza nyingi, kuna kitu hatukioni," kuna kitu hatukioni, nacho kiko kwenye mkoba wake, mkoba uko mapajani, bahasha ndogo ya kaki iliyopinda pembe, imebaki na vidonge kumi na vinane, alivihesabu jana alipokuwa akikusanya kanga na mswaki wa mama, vidonge vyeupe vidogo ambavyo mama aliviita vitoto, lete vitoto vyangu, viwili kila asubuhi na maziwa ya moto, kwa hiyo maziwa yale ya Jumanne yalikuwa ya kumezea na havikumezwa, kisha hospitali ikasema asitie kitu mdomoni mpaka apasuliwe, mama akamnong'oneza, nipe kimoja hivyohivyo kikavu, naye akasema mama, wamekataza, kwa sababu yeye ni mtu wa kufuata maelekezo. Mtu wa kufuata maelekezo. Prednisoloni, miligramu tano, karatasi ya maelezo ilikuwa na maandishi madogo kuliko ya kwenye mizani ya dhahabu naye aliisoma yote, pande mbili, miaka sita iliyopita, mwezi wa pili wa kununua, alipoona muuza dawa wa kona haulizi tena ni za nani, ilisema matumizi ya muda mrefu hudhoofisha mifupa, ilisema usiache ghafla, ilisema mwili uliozoea dawa hii ukiikosa, hasa wakati wa ajali au upasuaji, presha huporomoka... akaikunja mara nne, akaiweka chini ya droo ya vijiko. Kwa nini, unajua kwa nini, kwa sababu kabla ya hapo vidole vya mama vilikuwa vimejifunga kama ngumi kwa baridi yabisi, akimvalisha sidiria mama anageuza uso ukutani, mwalimu mzima analishwa kwa kijiko, kliniki wakampa dawa hizo za wiki mbili na kusema basi, zaidi ya hapo zitamharibu, na katika hizo wiki mbili mama aliamka akapiga deki nyumba nzima, akafunga vifungo vyake mwenyewe, kimoja kimoja, kama anayeonyesha mazingaombwe, kisha akamwapisha, "Usiwaambie. Watanikatia, nami sirudi kuvalishwa nguo na mtoto niliyemvalisha mimi." Akaapa. Na mashavu ya mama yakajaa, yakawa ya duara, majirani wakasema kustaafu kumempenda, mama akajibu, "Nakula usingizi," wakacheka wote, na yeye akacheka, na kila siku ananunua nusu lita ya maziwa kwa ajili ya mifupa, kama linavyosema bango la hapa ukutani, juu ya kichwa cha nesi, kunywa maziwa, ota jua, tembea, kula samaki wadogo na miiba yao, yote kafanya, kamtembeza mama hadi barabarani na kurudi, maziwa kwa mkono huu, vidonge kwa mkono huu, miaka sita anajenga na kubomoa kwa wakati mmoja na daftarini anaandika sentimita.

Akisema, watamtazama. Nesi atasema kumbe. Mama atajua kwamba mtoto kavunja kiapo mbele yake, akiwa amelala chali hawezi hata kugeuka. Asiposema... asiposema presha itashuka tena, hiyo nayo ni tarakimu, ina mwisho wake chini, na wataendelea kuandika hakuna dawa, hakuna dawa, kwa mwandiko mzuri, kosa lililoandikwa vizuri. Kutoka chini ya shuka mkono wa mama ulimshika kifundo cha mkono, baridi, mwepesi, na mama akasema, taratibu, kama wako wawili tu, "Bi Rula." Kalamu ya daktari ilikuwa bado juu. Akafungua mkoba, akatoa bahasha, akaiweka juu ya faili lililofunguliwa, akainyoosha ile pembe iliyopinda, akasema, "Viwili vya miligramu tano kila asubuhi, miaka sita na miezi miwili. Mara ya mwisho Jumatatu. Anayemnunulia ni mimi," na akahisi vidole vya mama vikimwachia kifundo, kimoja, kisha kingine, vidole vilevile vilivyokunjuliwa na vitoto, vinafunguka vyote bila shida.