Flashi ya Tatu

Shangazi alikuwa karani wa shule kwa miaka ishirini na sita, na kwa kupiga chapa hakuna aliyemfikia. Lakini kompyuta ya ofisi ilikuwa imezeeka, inawaka kwa kusuasua. Mwalimu mkuu akasema wazi: ripoti za wanafunzi zisipotoka Ijumaa, kazi inahamia duka la fotokopi nje ya geti, na shangazi akapumzike nyumbani. Kupumzika! Neno tamu la kumfukuzia mtu.

Ndipo akamwita binti wa kaka yake, fundi wa kompyuta, kazi anaijua ila anajisikia kidogo. Fundi akaja na flashi tatu, kila moja na aina yake ya Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, za kujaribiwa bila kufuta kitu.

"Anza na hii, shangazi. Ndiyo ninayotumia mimi."

Ilikuwa ya mabingwa: skrini nyeusi, kila amri uandike mwenyewe.

"Umeniletea kompyuta au mtihani?" shangazi akauliza.

Ya pili ilikuwa nzuri, ila iliilemea mashine, ukibofya, unasubiri. Fundi akanyoosha mkono ashike kipanya. Shangazi akauchapa kofi dogo.

"Toa mkono, mwanangu. Hiyo Ijumaa utakuwa hapa?"

Swali lilimwingia. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: miaka yote aliwachagulia watu kilichompendeza yeye, kisha wakamwita kila wiki kuwanasua, naye akajiona wa maana. Aibu ilimshika. Akachomeka ya tatu, Linux Mint, nyepesi ya wanaoanza, ambayo watumiaji wake alizoea kuwacheka, akaweka mikono mgongoni.

Menyu ilikuwa pale chini kushoto. Shangazi akaiona. Akafungua faili, akaandika, akaitafuta printa. Akakosea, akanung'unika, akarudi nyuma. Fundi vidole vilimwasha kwa hamu ya kusaidia, lakini hakugusa. Printa ikanguruma, ripoti ya kwanza ikatoka safi. Kisha shangazi akaisimika Linux hiyo mwenyewe, akisoma kila swali kwa sauti kabla ya kujibu.

Ijumaa adhuhuri ripoti zote mia tatu na kumi na mbili zilikuwa mezani. Mwalimu mkuu akampigia fundi simu: na yeye kompyuta yake imechoka, anataka iwekewe kama ile ya karani, aje upesi.

"Mwalimu, mimi wa nini tena?" fundi akasema kwa fahari. "Fundi si unaye hapo ofisini? Mpigie hodi tu."