Meno ya Mdogo Wangu

Tangu mdogo wangu apandikizwe meno mawili ya mbele, duka letu la mapazia limekuwa lake na mimi nimekuwa mpangaji. Wateja wetu wa zamani, walionizoea kwa jina la utani la Peremende, sasa wananipita kama kiti na kwenda kwake. Yeye anavuta futi, anapima, anacheka. Anacheka hata akiuza kitambaa cha kijivu, ambacho mtu mwenye akili timamu hawezi kukichekea. Mimi niko nyuma na cherehani. Bandia yangu ya meno nimeivua na kuiweka kwenye kikombe cha maji, kwa sababu nikiivaa inacheza, nashindwa kubana pini midomoni ninapopanga marinda. Macho hayana pazia, hata kwenye duka la mapazia. Niliona kila kitu, na roho iliniuma.

Yeye meno yake yaling'olewa na mlango wa stoo mwaka jana tu. Pengo halijazoeleka, daktari akamtia skrubu ndani ya mfupa wa taya, mfupa ukaikumbatia, kisha juu yake akavalishwa jino. Sasa anatafuna mahindi ya kuchoma mbele yangu bila haya, na mimi nachambua punje moja moja kwa vidole.

Nikasema na mimi nataka. Nikipata meno yangu manne yasiyovuliwa, narudi mbele ya duka, na mwenzangu arudi nyuma akashone pindo.

Aling'ang'ania kunisindikiza. Tulipofika kliniki alisalimiana na daktari kama mashoga, wakanong'onezana pale mlangoni. Nikajisemea, kikulacho ki nguoni mwako.

Daktari alikuwa binti mwenye adabu, ananiita mama. Alinipiga picha ya taya, akanionyesha. Mahali pasipo na jino, alisema, mfupa hukosa kazi na huliwa kidogo kidogo. Wangu umebaki mwembamba kama ukingo wa sahani, skrubu haina pa kushika. Wapo wanaoongezewa mfupa kwanza, lakini kisukari changu kiko juu, kidonda kingechelewa kupona, kingeweza kuoza na kila kitu kikang'oka. Nikitulize kwanza, halafu tutazame upya, ingawa hakuniahidi kitu. Kwa sasa angenitengenezea bandia nyingine inayokaa vizuri.

Maelezo yote hayo, mimi nilisikia neno moja tu: hapana.

"Ulimwambia nini daktari pale mlangoni?" nikamgeukia mdogo wangu.

"Nilimwambia unaogopa sindano, dada. Akuhudumie polepole."

Sikumwamini. Daktari, akitaka kutupoza, akauliza lile pengo ni la tangu lini. Kabla sijajibu, mdogo wangu akanijibia, tena kwa kicheko. Alisema ni la tangu utotoni, dada yake alikuwa mlafi wa peremende, ndiyo maana wanamwita hivyo. Meno yote yakaonekana, ya kwake na ya kununua.

Hadithi ya peremende aliitunga mama. Alinisihi nisije nikasema kilichotokea, mtoto asikue na mzigo usio wake. Nilimtii mpaka tukamzika, na baada ya hapo pia. Lakini lililo moyoni ulimi huiba.

"Hayakuliwa na peremende," nikasema. "Nilikuwa darasa la sita, nimekubeba mgongoni, tunashuka ngazi za bombani. Nikateleza. Ningeanguka chali, meno ningekuwa nayo mpaka leo. Nikaangukia uso."

Nilitaka imuume, na ilimuuma. Aliufunga mdomo kwa kiganja. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtu aliyepata haki yake. Daktari akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Tuliondoka. Nje, kwenye benchi la wagonjwa, alikaa na mimi nikakaa. Nilisubiri aombe msamaha, au angalau aseme kesho atakaa yeye kwenye cherehani. Nilishapanga hata jinsi nitakavyokataa kidogo ili nibembelezwe.

Hakusema hayo. Aliushika mkono wangu, akauliza kwa sauti ndogo, "Dada, nililia sana siku hiyo?"

"Hukulia," nikamwambia. "Ulicheka. Ulidhani tunacheza."

Akaniegemea begani, akalia kwa kwikwi, machozi yakalowesha gauni langu. Nikamwacha alie. Sehemu iliyobaki sikumwambia. Nilikuwa nimelala kifudifudi, mdomo umejaa damu na mchanga, namsikia mtoto mgongoni mwangu anacheka kwa raha zake, na hata siku ile nilimwonea wivu.